Inazingua wapi? Kuianza kazi ya kujaribu gemu ukiwa Kariakoo

Mteja anafika kwa fundi simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anaiweka simu juu ya kaunta na kusema neno moja: "Inazingua." Fundi hagusi bisibisi. Anauliza kwanza. Ilianza lini? Ulikuwa unafanya nini ilipozima? Iliwahi kuanguka, au kuingia maji? Inazima ikiwa kwenye chaji au hata ukiichomoa? Mteja mwenye majibu anampunguzia fundi nusu ya kazi. Kama ni betri itajulikana ni betri, kama ni mfumo wa chaji utajulikana. Mteja asiye na lolote zaidi ya "inazingua" anamwacha fundi abahatishe, huku foleni ikirefuka nyuma yake.

Kijana wa Dar es Salaam anayetamani kulipwa kwa kujaribu gemu ana shule yake hapo kwenye kaunta. Mjaribu gemu ni yule mteja mwenye majibu. Anayetengeneza gemu yuko Nairobi, Seoul au Montreal, na hakuiona ilivyoganda mkononi mwa abiria wa basi la mwendokasi kati ya vituo vya Fire na Gerezani. Anachopata ni maandishi ya mjaribu, pengine na video fupi, na kutokana na hayo lazima aweze kuifanya kasoro ileile itokee mbele ya macho yake. Asipoweza, hataweza kuirekebisha. Hicho ndicho kinacholipiwa. Kucheza ni njia tu ya kufika hapo.

Wengi wanaoiwazia kazi hii wametokea kwenye vibanda vya gemu: chumba kidogo, televisheni mbili tatu, PlayStation iliyochoka, pedi zilizofungwa selotepu, na vijana wanaolipia mechi moja moja. Huko anayeheshimika ni anayefunga wenzake mabao. Ni kawaida basi bingwa wa mtaa kudhani kwamba ubingwa ndio sifa ya kazi. Lakini bingwa akigundua pembe fulani ya uwanja ambako kipa wa kompyuta hupitwa kila mara, ataitunza siri hiyo ashinde nayo. Mjaribu akiigundua ataiacha mechi palepale, atarudi pembe ileile mara kumi, kwa mguu wa kulia, kwa mguu wa kushoto, kwa timu nyingine, mpaka ajue kipa anapitwa kwa sharti gani. Mtu mwenye uvumilivu wa kurudia kitu kisichofurahisha anamzidi bingwa katika kazi hii, hata kama kibandani yeye ndiye anayefungwa kila siku.

Siku ya kazi yenyewe inakwenda hivi. Toleo jipya la gemu linafika, pamoja na orodha ya mambo ya kuangalia. Kama ni gemu ya magari, mjaribu anaweza kutumia siku nzima akigonga kuta: kila ukuta, kila kona, mbele na kinyumenyume, kutafuta mahali gari linapopenya na kutumbukia kwenye utupu. Anazima sauti na kuiwasha. Anapigiwa simu katikati ya mashindano aone kama gemu itamsubiri. Anaacha ujumbe wa M-Pesa uingie wakati gemu inapakia. Anakata data, anairudisha. Anaacha chaji iishe. Kisha toleo la kesho likija, anaanza upya, kwa sababu kurekebisha kasoro moja mara nyingi huzaa nyingine ambayo jana haikuwepo.

Kazi hii isipofanyika, au ikifanyika halafu wenye kampuni wasisikilize, mchezaji anaona. Wapenzi wa soka la kwenye skrini wanakumbuka tarehe 30 Septemba 2021, Konami ilipoizindua eFootball 2022 kuchukua nafasi ya PES ambayo vijana wa vibandani walikua nayo. Nyuso za wachezaji mashuhuri zilitoka zimepinda kama udongo wa mfinyanzi, na picha zake zikasambaa dunia nzima kabla siku haijaisha. Kwenye duka la Steam iliporomoka hadi kuwa miongoni mwa gemu zilizopewa alama mbaya kuliko zote. Konami iliomba radhi, na toleo lililokamilika lilikuja Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye.

Tuje kwenye maandishi, maana hapo ndipo anayeanza hupata au hukosa nafasi. Chukua gemu ya bao la kiswahili kwenye simu. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mchezo una sheria ambayo kila mzee wa kijiweni anaijua usingizini: ukila kwenye kimbi cha kushoto, shimo la pili kutoka pembeni, kete ulizokula unazianzisha kwenye kichwa cha kushoto, shimo la pembeni kabisa; ukila kimbi cha kulia, unaanzia kulia. Sasa tuseme aliyeandika programu amechanganya. Mjaribu mchanga ataandika: "Gemu inakosea kula." Mtengenezaji atacheza mechi tatu, hataona tatizo, ataifuta ripoti. Mjaribu aliyekomaa ataandika hivi:

"Toleo 0.8, simu ya Android yenye RAM ya GB 2. Anza mchezo mpya. Katika namua, weka kete kwenye kimbi chako cha kushoto, kikiwa na kete, na shimo la mpinzani linalokielekea likiwa na kete pia. Kilichotarajiwa: kete zilizoliwa zianzie kichwa cha kushoto. Kilichotokea: zimeanzia kichwa cha kulia. Nimerudia mara 10, imetokea mara 10. Kimbi cha kulia hakina tatizo hilo. Video ipo."

Ripoti hiyo haina neno la kupamba wala la kulaumu. Inasema ni kifaa gani, hatua gani, nini kilitakiwa, nini kilitokea, na kwa kiasi gani. Na ile sentensi ya kimbi cha kulia ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana: inamwonyesha mtengenezaji kwamba sheria imeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo anajua mstari wa kuutafuta. Mwenye ujuzi wa programu bila ujuzi wa bao asingeiona kasoro hiyo kabisa. Mzee wa kijiweni angeiona mara moja lakini asingeiandika. Anayetafutwa ni mtu wa kati yao, na Dar es Salaam inao watu kama hao wengi ambao bado hawajui kwamba wanatafutwa.

Kiswahili chenyewe ni uwanja mwingine wa kazi. Gemu nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na mtengenezaji hutunga sentensi moja yenye pengo: kitu fulani kimepatikana. Kwa Kiingereza pengo hilo hupokea neno lolote. Kwa Kiswahili kiatu kimepatikana, sarafu imepatikana, majani yamepatikana, na gemu isiyojua ngeli itamwandikia mtoto "kiatu imepatikana" mara mia kwa siku. Mjaribu mzuri hataishia kulalamika kwamba Kiswahili ni kibovu. Atapendekeza njia inayokwepa upatanisho, kama vile "Umepata: kiatu", ambayo inakubali neno lolote bila kuvunja sarufi. Kuna suala la saa pia. Gemu ikisema zawadi itafunguka saa 2:00 kwa hesabu ya saa 24, imemaanisha saa nane ya usiku, na mtoto wa Ilala ataifungua simu saa mbili asubuhi bila kujua kwamba muda ulipita akiwa amelala. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne kikiandikwa "Endelea kucheza", maneno yanamwagika nje. Kasoro za aina hii huonwa na mtu anayeishi ndani ya lugha.

Halafu kuna simu. Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zimejaa madukani Kariakoo kwa sababu ndizo watu wanazozimudu: RAM ndogo, nafasi inayojaa haraka, Android iliyopitwa na matoleo kadhaa. Mtengenezaji aliyeko Ulaya mara nyingi ana simu tatu za bei mbaya mezani kwake. Gemu yake inateleza kwenye hizo zote, ikifika kwenye simu ya GB 2 inastaki au inajitoa. Anayeweza kumwambia ni sekunde ngapi inachukua kufunguka kwenye simu hizo, inapasha moto kiasi gani baada ya nusu saa, inakula MB ngapi za bando, na kama maandishi yanasomeka chini ya jua la saa saba mchana Mtaa wa Msimbazi, amempa kitu ambacho asingekipata ofisini kwake. Kijana asiione aibu simu yake ndogo anapoomba kazi hii. Aitaje kwanza kabisa, kwa jina na namba ya modeli.

Tanzania imekwisha kuwa mahali pa jaribio kubwa la namna hii. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15 za Marekani, lilitafuta programu ambayo mtoto angeweza kujifundishia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano za mwisho zilipata dola milioni 1 kila moja, na programu zao zikapelekwa kwenye vijiji karibu 170 mkoani Tanga, kwa Kiswahili, ndani ya vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana. Jaribio lilichukua miezi 15. Wengi wa watoto walioshiriki hawakuwahi kukaa darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili walipoanza. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya Kitkit School na onebillion.

Tafakari hali ya mtoto yule. Hakuna mwalimu wa kumwambia "bonyeza hapa". Kama kitufe hakieleweki, somo limeishia hapo. Kama gemu inadhani mtoto anajua kuburuta picha kwa kidole, na yeye hajawahi kugusa skrini maishani, kosa ni la gemu. Chimple, programu ya mmoja wa washindani watano, ilikuwa na michezo midogo midogo mingi, na kila mmoja ulipaswa kujieleza wenyewe bila msaada wa mtu mzima. Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza kurusha kipindi cha Ubongo Kids mwaka 2014, nalo huwapelekea watoto kazi zake wazitazame na kuzitumia. Mtu anayejifunza kujaribu gemu ana funzo kubwa hapa: mpe mtoto wa jirani simu, kaa kimya, usimsaidie, andika kila mahali kidole chake kinaposita. Kukaa kimya ndiko kugumu.

Majirani ndio walioijaribu kwanza gemu ya mtengenezaji Lual Mayen pia. Yeye alizaliwa njiani familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Alijifunza mwenyewe na kutengeneza Salaam, gemu ya amani, ambayo ilisambaa kambini kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Mwaka 2018 alitambuliwa jukwaani kwenye The Game Awards huko Marekani. Kabla ya jukwaa hilo gemu yake ilikuwa imeshapita kwenye mikono na simu za wakimbizi wenzake.

Mlango wa kwanza kwa anayeanza upo wazi zaidi kuliko wengi wanavyojua, na umefunguliwa na kanuni ya Google Play. Mtu binafsi aliyefungua akaunti ya mtengenezaji baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu yake kwa umma mpaka awe ameifanyia jaribio la faragha kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni alitakiwa awe na wajaribu 20. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Maana yake ni kwamba kila mwanafunzi wa chuo cha teknolojia cha DIT pale makutano ya barabara za Bibi Titi na Morogoro, au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayetaka kutoa gemu yake ya kwanza kwa akaunti yake mwenyewe, lazima atafute watu 12. Kwa kawaida huomba marafiki, nao hupakua na kusahau. Anayejitokeza, akaicheza siku zote 14 na kutuma ripoti tano kama ile ya bao, hatasahauliwa. Malipo hapo huenda yasiwepo. Kinachopatikana ni jina lake kwenye orodha ya walioshiriki, barua fupi ya kumsifia, na ripoti za kuonyesha kwa mwajiri wa baadaye.

Studio nazo zipo. Leti Arts ilianzishwa mwaka 2009 na Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia. Mwaka 2022 studio kadhaa za Afrika, Khanga Rue ya Tanzania na Usiku Games ya Kenya zikiwemo, ziliungana katika Pan Africa Gaming Group. Ni vikundi vidogo, na katika kikundi kidogo mtu anayeandika ripoti safi anaonekana upesi. Kuwaandikia ukiwa tayari umeicheza gemu yao na umeambatanisha kasoro mbili ulizozikuta ni tofauti kabisa na kuwatumia barua ya "naomba kazi".

Vifaa vya kuanzia si vya gharama. Simu nyingi zina uwezo wa kurekodi skrini bila kuongeza programu yoyote. Daftari linatosha kuandika hatua kabla hazijasahaulika. Baadaye, mwenye kompyuta na waya wa USB anaweza kutumia adb, zana ya bure ya Google, kuchota kumbukumbu za ndani za simu katika dakika ambayo gemu ilijitoa. Mtengenezaji akizipata hizo anafurahi kuliko akipata video. Mojang, waliotengeneza Minecraft, wanaweka wazi kwenye intaneti kasoro zinazoripotiwa na wachezaji, na kusoma ripoti hamsini za humo, zilizokubaliwa na zilizokataliwa, ni darasa tosha. Ripoti nyingi za kazi huandikwa kwa Kiingereza, na hilo lisimtishe mtu: kinachohitajika ni Kiingereza chepesi na sahihi, sentensi fupi, kitenzi kimoja kwa hatua moja. Kuna pia cheti cha ISTQB, cha msingi na kile cha kujaribu gemu. Mtihani wake una ada, lakini muhtasari wa masomo unapakuliwa bure. Busara ni kuusoma kwanza, na kulipia baadaye kazi ikianza kuonekana.

Kuhusu fedha, ukweli usemwe. Kazi hii kwa sehemu kubwa hutolewa kwa mikataba mifupi, na makampuni makubwa huipeleka kwa wakala kama Keywords Studios, iliyoanzia Dublin mwaka 1998. Hata Marekani wajaribu wamekuwa wakiwekwa ngazi ya chini. Desemba 2021 wajaribu wapatao 12 wa studio ya Raven Software, waliokuwa wakihudumia Call of Duty: Warzone, waliambiwa mikataba yao inakatishwa, wenzao waligoma, na Mei 2022 wakapiga kura 19 dhidi ya 3 kuunda chama cha wafanyakazi. Majukwaa ya mtandaoni ya wajaribu, kama uTest, hulipa kwa kazi inayokubaliwa, kwa hiyo kipato hupanda na kushuka, na kabla ya kuanza ni lazima kuhakikisha fedha zinaweza kumfikia mtu aliyeko Tanzania. Ila ujuzi huu hauishii kwenye gemu. Benki na mitandao ya simu zina programu zinazoshika fedha za watu, na anayejua kukata data katikati ya muamala ili aone kilichotokea ni yuleyule aliyejifunza kwa kukata data katikati ya mbio za magari. Kwa kijana wa Dar, huko ndiko mshahara wa kila mwezi unakoweza kupatikana mapema, huku gemu zikiendelea jioni.

Tahadhari moja isisubiri. Hakuna mwajiri wa kweli anayemtoza mjaribu ada ya kujiunga, wala anayemwahidi malipo zaidi kwa kuleta watu wengine. Watanzania wengi wamepoteza fedha kwenye mitandao iliyowaahidi malipo kwa kutazama matangazo tu. "Lipwa kwa kucheza gemu" ni chambo kilekile kwenye ndoano nyingine. Ukiambiwa tuma kwanza, funga mazungumzo.

Asiyejua aanzie gemu gani anaweza kuanzia Tanga. Programu za washindani wote watano wa XPRIZE ziliwekwa GitHub, wazi kwa yeyote, na Kiswahili chake kimo. Zilipimwa kwa Pixel C, kishikwambi chenye skrini pana, zaidi ya miaka mitano iliyopita. Zikiwekwa leo kwenye simu ndogo kutoka Aggrey, kuna picha zitakazokatika pembeni, sauti zitakazochelewa, vitufe vitakavyojificha chini ya skrini, na kuna zitakazogoma kabisa kufunguka. Kila moja ya hizo ni ripoti inayosubiri mtu wa kuiandika: simu ipi, hatua zipi, kilichotarajiwa, kilichotokea, mara ngapi.